Kabla ya Kuuliza Bei ya Fremu

Maduka mengi ya miwani mijini mwetu hubandika mlangoni tangazo la kupima macho bure. Tangazo hilo si uongo, ila limeishia katikati. Kumpima mtu macho ipasavyo ni kazi inayohitaji utulivu, inafanywa na mtu aliyeisomea kwa miaka, tena kwa mashine za bei kubwa. Kazi ya namna hiyo lazima kuna kinachoilipia, nacho ni fremu na lenzi utakazoondoka nazo. Mteja analihisi hilo, ndiyo maana akitoka tu kwenye chumba cha vipimo swali lake la kwanza huwa: ile fremu pale shilingi ngapi? Hoja yangu ni kwamba swali hilo limewahi mno. Fremu ndiyo sehemu pekee ya miwani ambayo mteja anaweza kuihukumu mwenyewe, akisimama mbele ya kioo cha ukutani, kwa hiyo ndiyo anayohitaji msaada mdogo kuliko zote. Kinachostahili kutangulia ni kile asichoweza kukiona: naomba karatasi yenye vipimo vyangu vyote, pamoja na umbali wa mboni zangu. Anayeikosa karatasi hiyo, maswali mengine yote anauliza gizani.

Tazama jinsi biashara yenyewe ilivyojengwa. Hospitalini daktari huandika dawa, na cheti chake unaweza kukipeleka duka lolote la dawa. Kwenye miwani, anayekuambia unahitaji kitu mara nyingi ndiye anayekiuza, au amekaa meza moja na anayekiuza. Hilo halimfanyi mwizi. Fundi cherehani naye hupima na kushona, wala hatumshuku. Tofauti ni kwamba suruali ikikubana unajua papo hapo, ilhali lenzi isiyokufaa unaweza kuivaa miezi sita ukiamini kichwa kinauma kwa wingi wa kazi. Karatasi humtenga mpimaji na muuzaji hata kama ni mtu yule yule. Ukiwa nayo utalinganisha bei kwingine, utaipeleka kwa mtaalamu wa pili ukiwa na shaka, na baada ya mwaka mmoja au miwili utajua kama kilichobadilika ni macho yako au ni duka. Marekani waliliona jambo hili mapema: tangu 1978, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara inamtaka mpimaji amkabidhi mteja vipimo vyake mara tu anapomaliza kumpima, aombe asiombe, bila malipo ya ziada. Hata kanuni hiyo haikulazimisha umbali wa mboni uandikwe, ndiyo maana nimeutaja kwa jina lake katika ombi la hapo juu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba karatasi yenyewe ni namba tupu, zimechanganywa na Kilatini, mteja wa kawaida ataisoma vipi? Kilatini chenyewe ni kidogo: OD ni jicho la kulia, OS ni la kushoto. Namba ya kwanza ya kila jicho hutanguliwa na alama ya kutoa au ya kujumlisha. Ya kutoa ni ya mtu asiyeona vizuri mbali. Ya kujumlisha ni ya yule ambaye jicho lake linajitahidi kupita kiasi, hasa kwa vitu vya karibu. Kipimo huitwa dayopta, na siri yake ni hesabu ya shule ya msingi: gawanya mita moja kwa namba hiyo. Mwenye kutoa 2, bila miwani, huona safi hadi nusu mita, na kuanzia hapo mambo yanafifia. Mwenye kutoa 4 huishia sentimita 25. Kwa hesabu hiyo peke yake mteja ameshapata silaha. Mtu anayesoma bila taabu kibao cha daladala kilichopo ng'ambo ya barabara, kisha akaandikiwa kutoa 3, ana haki ya kusema: samahani, mtaalamu, naomba tupime tena, maana kwa namba hii nisingeona vizuri hata kitu kilicho mbali zaidi ya mkono wangu.

Baada ya namba ya kwanza huja mbili zinazokwenda pamoja. Kwa watu wengi uso wa mbele wa jicho haukuviringana sawasawa kama mpira. Umekaa kama mgongo wa kijiko, upande mmoja umepinda zaidi ya mwingine. Namba ya pili husema upindaji huo umezidi kwa kiasi gani, na ya tatu, iliyo kati ya 1 na 180, husema umeelekea wapi. Aliyevuka miaka arobaini huongezewa nyingine ya kusomea. Halafu kuna umbali wa mboni, unaopimwa kwa milimita, ambao kwa watu wazima wengi huwa kati ya 54 na 74. Hapo ndipo pana madhara yasiyotajwa sana. Lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni. Kisipokaa hapo lenzi inaanza kuvuta taswira upande, na kadiri nguvu yake inavyokuwa kubwa ndivyo inavyovuta zaidi. Kwa lenzi ya dayopta 6, kosa la milimita 3 tu husogeza taswira kwa karibu sentimita 1.8 kwa kila mita moja ya umbali, na hilo ni la jicho moja. Misuli ya macho itajaribu kuirudisha, saa baada ya saa, na jioni mvaaji atatafuta panadol. Namba zote kwenye karatasi zinaweza kuwa sahihi na miwani bado ikawa mbovu kwa sababu ya kosa hilo moja la rula.

Kutoka kwenye karatasi ndipo linazaliwa swali la pili: namba hizi zimetoka kwenye mashine peke yake, au na kwenye majibu yangu? Mashine ile ya kompyuta, ambayo unaegemeza kidevu na kutazama picha ndani yake, ni msaidizi mzuri wa kuanzia. Lakini kipimo kinachofaa kuandikiwa lenzi hukamilishwa kwa kuwekewa vioo vya majaribio na kuulizwa kwa subira: hiki au kile, bora hiki au kile? Kwa watoto tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Jicho la mtoto lina nguvu nyingi za kujivuta ili lione karibu, na likijivuta mbele ya mashine, mtoto asiye na tatizo anaweza kuonekana haoni mbali. Ndiyo maana mara nyingi mtoto hutakiwa kutiwa matone ya kulilegeza jicho kabla ya kupimwa, na mzazi anayeambiwa mwanawe aanze miwani anafanya vema kuuliza kama matone hayo yalitumika, na kama hayakutumika, kwa nini. Mgonjwa wa kisukari naye aseme hali yake kabla hajakaa kitini. Sukari ikipanda, jicho hubadilika kwa muda, na miwani iliyopimwa wiki hiyo huweza kukataa wiki ambayo sukari imetulia. Mzee ambaye namba zake zinabadilika kila baada ya miezi michache asiuziwe jozi ya tatu kabla hajauliza kama ni mtoto wa jicho anayekomaa, kwa maana huyo dawa yake ni upasuaji.

Duka zuri pia hutambulika kwa maswali linayokuuliza wewe. Nguvu ya kusomea hupangwa kwa umbali wa kazi, wala haiandikwi kwa umri peke yake. Jicho lililochoka kabisa kujivuta, likipewa kujumlisha 2.50, litaona safi kwenye sentimita 40, yaani kitabu kilichoshikwa mkononi. Mshonaji anayeinamia sindano yuko karibu zaidi ya hapo. Anayesoma msahafu uliowekwa juu ya rehali, au karani mwenye kompyuta mezani, yuko mbali zaidi, na lenzi hiyo hiyo itamlazimisha asogeze shingo mbele kama kobe. Ukiona umeandikiwa miwani ya kusomea na hakuna aliyekuuliza unasoma nini na ukiwa umekaaje, mwambie mwenyewe kabla lenzi hazijakatwa.

Sasa tufike kwenye fremu na vikorombwezo, mahali ambapo fedha nyingi huondokea. Kwa mwenye namba kubwa za kutoa, fremu yenyewe ni sehemu ya lenzi. Lenzi ya kutoa ni nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo fremu pana ya mtindo humletea ukingo mnene na uzito wa puani, ilhali fremu ndogo ya mviringo ingempunguzia vyote bila senti ya ziada. Akishachagua ile pana, huuziwa plastiki ya daraja la juu ili lenzi iwe nyembamba. Plastiki hizo zipo na zinafanya kazi: ya kawaida ina kipimo cha upindaji wa mwanga cha 1.50, nyingine 1.60, 1.67, hadi 1.74. Lakini kwa mtu wa kutoa 1 faida yake ni kama hakuna. Swali la kumaliza ubishi ni rahisi: kwa namba zangu na fremu hii, nitapunguziwa milimita ngapi? Anayeweza kulijibu anajua anachouza. Polikaboneti ni habari nyingine. Haivunjiki ovyo, kwa hiyo ni chaguo la kwanza kwa mtoto, kwa fundi wa kuchomelea au seremala, na kwa yeyote ambaye amebakiwa na jicho moja zima.

Kikorombwezo kinachovuma zaidi ni kinga ya mwanga wa bluu wa simu na kompyuta. Hapa ushahidi hauko upande wa muuzaji. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yaliyotolewa 2023, yakikusanya majaribio 17, yalihitimisha kwamba kwa muda mfupi lenzi hizo huenda haziwapunguzii watumiaji wa kompyuta uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 2017, baraza linalosimamia wataalamu wa miwani Uingereza lilikwisha kuitoza kampuni ya Boots Opticians pauni 40,000 kwa tangazo la kupotosha kuhusu lenzi za aina hiyo. Kinachochosha macho mbele ya skrini, kwa sehemu kubwa, ni kukodoa bila kupepesa na kukaa umbali mmoja kwa saa nyingi, na hayo hayana lenzi. Kinga ya mng'ao ina manufaa yanayoonekana, hasa kwa dereva wa usiku anayepambana na taa za malori. Kinga ya miale ya jua nayo ni ya lazima kwa miwani yoyote ya rangi, kwa sababu kioo cheusi kisicho na kinga hiyo huifanya mboni ipanuke na kuikaribisha miale zaidi. Muulize muuzaji kama inazuia hadi nanomita 400, na umwombe akuonyeshe kwa kimashine chake kama anacho.

Pingamizi zito zaidi linatoka barabarani. Machinga anauza miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari, mteja anajaribu tatu nne, anachagua inayomwonyesha herufi za gazeti, anaondoka na furaha yake. Karatasi iko wapi hapo, na amepungukiwa na nini? Sitaki kulikwepa. Utafiti uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa 2006 ulikuta kwamba karibu asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na tatizo la kutoona karibu linaloletwa na umri, na kwa wengi wa namna hiyo miwani rahisi ya kujumlisha hutosha. Huko Assam, India, jaribio lililochapishwa 2018 liliwapa wachuma chai miwani ya karibu, na uchumaji wao ukawazidi wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Mtu wa Mufindi au Kericho haelezwi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwenye macho mawili yaliyo sawa, anayeona mbali vizuri, akinunua miwani ya tayari kwa kusomea hajafanya kosa. Kosa ni kudhani amepimwa. Miwani ya tayari ina nguvu moja kwa macho yote mawili, haina namba za upindaji, na umbali wake wa mboni umekadiriwa kiwandani. Zaidi ya yote, machinga hawezi kutazama ndani ya jicho. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni kimya kimya, na hatari yake hupanda katika umri ule ule ambao watu huanza kuhangaikia miwani ya kusomea. Anunue barabarani, lakini akapimwe macho hata hivyo.

Kuna ushahidi mwingine unaoonekana kuibomoa hoja yangu kabisa, nao ni wa hapa hapa nyumbani. Katika utafiti wa shule za sekondari za Dar es Salaam uliochapishwa 2008, shule 37 ziligawanywa kwa bahati nasibu: katika baadhi, wanafunzi wenye tatizo la macho walipewa miwani bure, katika nyingine walipewa karatasi ya vipimo tu wakajinunulie. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiivaa au kuwa nayo shuleni walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na asilimia 26 katika la pili. Karatasi, basi, haimvishi mtu miwani. Nakubali, na yeyote anayepanga huduma za macho mashuleni asiniletee makala haya kuwa kisingizio cha kugawa vyeti badala ya miwani. Lakini tazama ile asilimia 47 kwa upande wake wa pili: zaidi ya nusu ya waliopewa bure nao hawakuwa nayo. Shilingi peke yake haielezi hilo. Utafiti mwingine kuhusu wanafunzi wa Tanzania uliotoka mwaka huo huo ulitaja utani wa wenzao, na hofu kwamba miwani huharibu macho. Hofu hiyo bado inatembea, na humfanya mzazi amwombe mpimaji ampunguzie mtoto nguvu, jicho lisije likazoea. Jaribio lililofanyika Malaysia na kuchapishwa 2002 lilitazama jambo hilo hilo, na watoto waliopewa lenzi dhaifu kuliko walizohitaji, macho yao yaliharibika upesi zaidi kuliko ya wenzao. Mzazi aliyeelezwa namba za mwanawe zinamaanisha nini hana sababu ya kuomba zipunguzwe.

Mwenye duka atalalamika kwamba akimpa kila mtu karatasi atapima mtaa mzima na kuuza kwa wachache. Lalamiko la haki, na jibu lake ni kwamba kipimo kiwe na bei yake, iandikwe ukutani, na ikibidi ipunguzwe kwa anayenunua pale pale. Bure ya mlangoni ndiyo inayomlazimisha akubane kwenye fremu. Maduka ya Marekani yameishi na kanuni yao kwa zaidi ya miaka arobaini na hayajafungwa. Kuhusu heshima, wapo wanaoona kumhoji mtaalamu ni kumvunjia adabu. Lakini aliyesomea kazi hii, iwe KCMC Moshi au Masinde Muliro kule Kakamega, amefundishwa kuzieleza namba hizi, na swali linaloanza na naomba halimdhalilishi mtu. Tanzania ina Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na lipo Baraza la Optometria linalosajili wanaofanya kazi hii. Kuuliza kama aliyekupima amesajiliwa ni sawa na kumtaka dereva leseni. Anayekasirika amekujibu.

Siku ya kuchukua miwani, rudi na karatasi yako. Omba lenzi ziwekwe kwenye mashine ya kusoma nguvu mbele yako, kisha namba zilinganishwe na zilizoandikwa. Ni kazi ya dakika mbili. Vaa, tembea, panda na kushuka ngazi. Sakafu kuonekana imeinama kwa siku kadhaa ni kawaida kwa aliyepewa lenzi za upindaji kwa mara ya kwanza, kwa hiyo uliza ni siku ngapi za kuvumilia, na baada ya hapo nani atagharamia lenzi mpya. Jibu liandikwe kwenye risiti. Kama umenunua zile za kuonea mbali na karibu zisizo na mstari, ambazo mafundi huziita progresivu, lenzi hutoka kiwandani zikiwa na alama za wino, na duka huzifuta kabla ya kukukabidhi. Omba uvae kabla hazijafutwa. Simama wima, tazama mbali, mpimaji akutazame usoni: ule msalaba mdogo unatakiwa uwe mbele ya mboni. Ukiwa umeshuka milimita tatu au nne, lenzi hizo zinarudi, hata kama fremu imekupendeza.